Kabureta Iguswe Mwisho

Injini ya zamani ikianza kukohoa, mkono wa kwanza huenda kwenye skrubu ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, mlio unabadilika kidogo, na mtu anaridhika kwamba amepapata penyewe. Siku mbili baadaye gari linarudia yale yale, na sasa matatizo ni mawili, maana kabureta iliyokuwa sawa imevurugwa. Makosa mengi yanayosingiziwa kabureta yanatoka kwenye valvu (milango ya silinda ya kuingizia hewa na kutolea moshi), kwenye moto wa plagi, au kwenye hewa inayopenya pasipo njia yake. Kwa hiyo utaratibu ninaoutetea ni huu: kompresheni (mbano ndani ya silinda) kwanza, kisha valvu, kisha moto, kisha taimingi (wakati moto unapopigwa), kisha safari ya petroli kutoka tangini, na kabureta mwisho wa yote. Kila hatua inasimama juu ya ile iliyotangulia. Skrubu ya kabureta haiponyi valvu iliyoungua. Inaweza tu kuificha kwa wiki moja.

Nazungumzia injini ya petroli yenye kabureta na distribyuta (kifaa kinachogawa moto kwa plagi), ile isiyo na kompyuta ya kukwambia hitilafu iko wapi. Namba nitakazotaja ni za kawaida kwa injini za aina hiyo. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Kabla ya spana

Chukua karatasi ujibu maswali manne. Tatizo linatokea injini ikiwa ya baridi au ya moto? Linatokea gari likiwa sailensa, yaani limesimama na kunguruma tu, au likipanda mlima, au unapoachia pedali? Linakuja ghafla au polepole? Na lilianza baada ya kazi gani kufanywa? Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Gari lililobadilishwa nyaya za plagi jana na leo linamisi, yaani silinda inaruka bila kuwaka, mtuhumiwa wa kwanza ni nyaya hizo.

Mfano wa jinsi maswali haya yanavyofupisha kazi: gari linakwenda vizuri dakika 20, linazima, linapumzika, linawaka tena. Hapo kuna washukiwa wawili wakubwa, umeme au petroli, na wanatenganishwa papo hapo gari linapozima, si baada ya kupoa. Toa waya mmoja wa plagi, uchomeke plagi nyingine, uilaze chuma kwa chuma juu ya injini, mbali na petroli yoyote, kisha mwenzako apige starta. Hakuna moto? Koili (inayokuza umeme wa betri uwe moto wa plagi) au kondensa (inayozilinda pointi za distribyuta zisiungue) imechoka na joto. Moto upo? Fungua kifuniko cha tangi la petroli. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, tundu la kupumulia la tangi limeziba, na pampu ilikuwa ikivuta petroli kutoka kwenye chombo kilichobanwa. Kusafisha tundu hilo ni kazi ya dakika tano.

Betri nayo ipimwe mapema, maana umeme dhaifu huharibu vipimo vingine vyote. Iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Unapopiga starta isishuke chini ya 9.6. Injini ikinguruma, isome kati ya 13.8 na 14.4. Kisha fanya kipimo ambacho wengi hukiruka: ncha moja ya multimita iguse nguzo hasi ya betri, nyingine iguse chuma kitupu cha bloku ya injini, na starta ipigwe. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa athi (unaounga betri na chuma cha gari) au viungo vyake vina kutu. Athi mbovu huifanya starta izunguke kwa uvivu na koili ikose umeme wakati ule ule inapouhitaji zaidi. Watu hununua plagi, hununua koili, hununua hata starta, kumbe ni boliti moja iliyokaa juu ya rangi na kutu. Ifungue, kwangua hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi kwa nje.

Kompresheni haidanganyi, ikipimwa vizuri

Pasha injini hadi ifikie joto lake la kazi. Toa plagi zote, si moja moja, ili starta izungushe kwa kasi ile ile kila silinda. Chomoa waya unaopeleka umeme kwenye koili, kwa sababu mashimo ya plagi yatakuwa yakitoa mvuke wa petroli na hutaki cheche karibu. Mwenzako akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho na kuishikilia. Kipepeo cha kabureta kikiwa kimefungwa, silinda haipati hewa ya kubana na geji itasoma chini ingawa injini ni nzima. Piga starta hadi sindano ya geji iruke mara tano au sita, na hesabu hiyo iwe sawa kwa kila silinda.

Usiangalie namba ya mwisho peke yake. Tazama sindano inavyopanda. Silinda nzima huruka juu kwa mpigo wa kwanza na mipigo inayofuata huongeza kidogo tu. Ringi (pete za pistoni) zikiwa zimelika, mpigo wa kwanza huwa mdogo na sindano hupanda ngazi kwa ngazi. Valvu ikivuja, mpigo wa kwanza huwa mdogo na inayofuata haiongezi chochote cha maana.

Injini nyingi za zamani zikiwa na afya husoma kati ya psi (kipimo cha mbano) 120 na 180. Tofauti kati ya silinda ina maana kuliko ukubwa wa namba: ya chini kabisa isiwe chini ya asilimia 75 ya ile ya juu. Tuseme umepata 150, 148, 152 na 95. Asilimia 75 ya 152 ni 114, kwa hiyo silinda ya nne ni mgonjwa. Sasa mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye shimo lake la plagi, zungusha injini mara chache isambae, upime tena. Ikipanda hadi 135, oili imeziba mwanya wa ringi, na ugonjwa uko kwenye ringi au ukuta wa silinda. Ikibaki 98, hewa inatokea juu: valvu au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, na za pembeni nzima, gasketi imepasuka katikati yao. (Kwenye injini ambayo pistoni zake zimelala ubavuni, kipimo cha oili hakiaminiki sana, maana oili hujikusanya upande wa chini tu.)

Zote zikiwa chini kwa usawa, kwa mfano 100 kila moja, usikimbilie kuagiza ringi. Mnyororo wa taimingi ukiruka jino moja, valvu hufunga kwa wakati usio wake na kompresheni hushuka silinda zote kwa pamoja. Kuukagua mnyororo ni rahisi. Fungua kofia ya distribyuta, zungusha krenki (mhimili mkuu wa injini) kwa spana upande mmoja hadi rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta, isogee, simama, weka alama kwenye puli. Halafu rudisha krenki upande wa pili polepole ukiitazama rota. Puli ikizunguka zaidi ya digrii 8 hivi kabla rota haijaanza kufuata, mnyororo umelegea na taimingi yoyote utakayoweka itakuwa inacheza.

Ukiwa na pampu ya upepo, kuna njia ya kusikia penyewe. Peleka pistoni ya silinda ile juu kabisa ikiwa valvu zote mbili zimefungwa, tia gia, vuta breki ya mkono, kwa sababu upepo utasukuma pistoni na injini inaweza kuzunguka ghafla mikono yako ikiwa ndani. Ingiza upepo kupitia shimo la plagi. Ukisikia pumzi kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea. Kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Mapovu ndani ya rejeta ni gasketi, au ufa kwenye hedi.

Geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa ya injini, inastahili kuwa kwenye kila sanduku la spana. Iunge kwenye manifodi ya kuingiza, chini ya kabureta. Kwenye usawa wa bahari injini nzima ikiwa sailensa husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, sindano ikitulia tuli. Kila ukipanda mita 300 kutoka baharini toa inchi moja hivi, vinginevyo utaihukumu injini ya nyanda za juu bila kosa. Sindano inayoruka chini kwa mdundo unaojirudia inasema valvu moja haifungi, au silinda moja inamisi. Ikitulia lakini chini, kama 12 au 14, fikiria taimingi iliyochelewa. Ikiwa chini sana, karibu na 5, kuna hewa nyingi inapenya kwenye manifodi au chini ya kabureta. Na ukiishikilia injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, sindano ikawa inazama kidogo kidogo, ekzosi imeziba.

Valvu

Nafasi ya valvu, yaani mwanya kati yake na kinachoisukuma, hupimwa kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mianya), na mara nyingi iko kati ya milimita 0.15 na 0.40, ya kutolea ikiwa kubwa kuliko ya kuingizia kwa sababu inapata joto zaidi na kurefuka zaidi. Hapa kuna kosa linaloua injini kimyakimya: kukaza sana ili mlio wa tapeti (kule kugongagonga kwa valvu) upotee. Valvu ya kutolea hupoa inapokaa kwenye kiti chake na kupitisha joto kwenye hedi. Ukiinyima nafasi, haikai sawasawa, joto halina pa kwenda, gesi ya moto inapita kwenye ukingo wake na kuula. Tapeti inayolia kidogo ni salama kuliko iliyonyamazishwa kwa nguvu.

Kwenye injini nyingi za silinda nne mstari mmoja zenye valvu 8, tumia kanuni ya tisa. Zihesabu valvu kuanzia mbele, 1 hadi 8. Zungusha krenki hadi valvu ya 8 ifunguke kabisa, hapo pima ya 1. Ya 7 ikifunguka, pima ya 2. Ya 6, pima ya 3. Jumla iwe 9 daima. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi unayoichomoa katikati ya kitabu kilichofungwa. Mkono wa roka, ule unaobonyeza valvu, ukiwa na kishimo ulipogusana na valvu miaka yote hiyo, fila geji italala juu ya kishimo kama daraja, na nafasi halisi itakuwa kubwa kuliko unayosoma. Mlio hautaisha hata uwe fundi namna gani, mpaka mkono huo usawazishwe au ubadilishwe.

Moto: pointi ndizo zenye mambo

Fungua kofia ya distribyuta, toa rota. Chini yake kuna pointi, vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, wengine huviita platini. Zungusha krenki hadi kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya pembe ya kamu, ule mhimili wenye pembe katikati ya distribyuta. Hapo zimeachana kikamilifu, na hapo ndipo zinapopimwa: milimita 0.35 hadi 0.45 kwa kawaida.

Kabla ya kupima, zitazame kwa tochi. Nyuso zenye afya ni za kijivu kilichopauka, bila mng'aro. Zikiwa za bluu na kuungua, kondensa haifanyi kazi, au koili inapewa umeme mwingi kuliko ilivyoundiwa. Uso mmoja ukiwa na kilima na wa pili shimo, chuma kimehama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kondensa haiendani na mfumo huo. Kilima hicho hudanganya: fila geji inakigusa chenyewe tu, wewe unasoma 0.40, kumbe nyuso zenyewe zimeachana zaidi. Kwa sababu hiyo pointi za zamani zenye kilima usizipime, zibadilishe.

Za kwanza kufutwa ni fila geji zenyewe, kwa kitambaa safi, maana utando wa oili ukibaki kati ya pointi utaungua na kuwa kizuizi cha umeme. Legeza skrubu ya bamba, sogeza, kaza, kisha pima tena. Sisitizo liko kwenye kupima tena, kwa sababu kukaza skrubu husogeza bamba kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachotafutwa. Pitisha karatasi safi katikati ya pointi zikiwa zimefungwa, uichomoe. Mwisho paka grisi kwenye kamu, kiasi cha punje ya mchele. Ikizidi itarushwa kwenye pointi. Isipokuwepo, kisigino kitasagika, nafasi itapungua, na nafasi ikipungua taimingi inachelewa. Ikiongezeka, taimingi inawahi. Kwa hiyo pointi huwekwa kabla ya taimingi, na ukigusa pointi lazima urudi kwenye taimingi.

Kondensa za kawaida zina maikrofaradi 0.2 hadi 0.3. Kondensa mpya inaweza kuwa mbovu tangu ndani ya boksi, kwa hiyo ile ya zamani ukiitoa ikiwa bado nzuri, ihifadhi. Koili isiyotumia kizuizi cha nje husoma karibu ohmu 3 kati ya vituo vyake viwili vidogo, na inayotumia kizuizi husoma karibu 1.5. Ukifunga ya 1.5 bila kizuizi chake, gari litawaka vizuri sana kwa muda, halafu pointi zitaungua na koili itachemka.

Kofia ya distribyuta ichunguzwe ndani, kwenye mwanga mkali, ukiigeuza taratibu. Ufa unaotafuta ni mwembamba kama unywele. Mara nyingi unaonekana kama mzizi mweusi uliochorwa kwa penseli kati ya kituo kimoja na kingine: ni kaboni iliyoachwa na moto uliopotea njia. Kuufuta hakusaidii, moto umeshajua njia hiyo. Angalia pia kile kipande cha kaboni katikati kama kinarudi kwa springi ukikibonyeza. Nyaya za plagi zikaguliwe usiku, injini ikinguruma gizani. Cheche za bluu zinazorukia chuma utaziona bila kifaa chochote. Kama huna giza, zinyunyizie maji kidogo kwa chupa ya kunyunyizia. Injini ikianza kumisi, moto unavuja.

Plagi zisomwe kabla ya kutupwa. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu meusi: mchanganyiko mzito, au moto dhaifu usiomaliza kuchoma. Nyeusi na yenye unyevu wa oili: oili inapita. Nyeupe yenye malengelenge: mchanganyiko mwepesi, au taimingi inawahi mno. Nafasi ya plagi kwenye mfumo wa pointi ni milimita 0.6 hadi 0.8.

Taimingi sasa. Chomoa mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye distribyuta, uuzibe, rekebisha sailensa iwe kama kitabu kinavyotaka, angaza puli kwa taa ya taimingi. Injini nyingi zinahitaji kati ya digrii 4 na 12 kabla ya pistoni kufika juu. Ukizungusha distribyuta, zungusha kwa upana wa ukucha tu. Halafu ongeza mwendo uitazame alama: lazima ihame kuelekea mapema kwa ulaini. Isipohama, au ikiruka na kubaki huko, vile vizito vya ndani ya distribyuta vimekwama kwa kutu, na gari litakuwa zito kwenye kasi hata kama sailensa ni tamu. Kiwambo cha vakyumu kinapimwa kwa mdomo: vuta hewa kwenye mpira wake, bamba ndani ya distribyuta lisogee na libaki limesogea ulimi wako ukiuziba. Likirudi, kiwambo kimetoboka.

Onyo moja: puli nyingi zina tabaka la mpira kati ya kitovu na ukingo, na mpira ukizeeka ukingo huteleza pamoja na alama yake. Taimingi ikigoma kukubaliana na akili, hakikisha kwanza alama inasema kweli kwa kuipeleka pistoni ya kwanza juu kabisa na kulinganisha.

Mlio kama misumari ndani ya kopo gari linapopanda mlima ni taimingi inayowahi au mchanganyiko mwepesi. Usiuzoee, unatoboa pistoni.

Kuchemsha, moshi na milio

Gari linalochemsha lisifunguliwe rejeta likiwa la moto. Kifuniko cha rejeta kinashikilia mbano, mara nyingi karibu psi 13, na mbano huo ndio unaozuia maji yasichemke mapema. Sili yake ikichoka, maji huchemka hata kama kila kitu kingine ni kizima. Kibadilishe kabla ya vyote. Thamostati itie kwenye sufuria ya maji na kipimajoto: ianze kufunguka kwenye nyuzi zilizochongwa juu yake, kwa kawaida 82 au 88 za sentigredi. Kuitoa na kutorudisha hakutibu kitu. Injini haitafikia joto lake, itakula petroli, na ringi zitasagika.

Gasketi ya hedi ina dalili zake. Injini ya baridi ikiwashwa, mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu ndani ya dakika moja au mbili kabla maji hayajapata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Uji mweupe kwenye kifuniko cha oili peke yake si ushahidi kamili, kwani safari fupi fupi za asubuhi zenye baridi huufanya pia. Uji ukiwa kwenye kijiti cha kupimia oili, simamisha kazi. Ukiivua hedi, weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake na upitishe fila geji: zaidi ya milimita 0.05 hadi 0.1, ipelekwe kusawazishwa. Boliti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, kwa spana ya kupimia nguvu, na nyuzi zake ziwe safi. Tone la maji au oili likibaki chini ya shimo lisilotokea upande wa pili, boliti itabana kimiminiko badala ya hedi, na bloku inaweza kupasuka.

Moshi wa bluu unaotoka asubuhi tu, ukawasha na ukaisha, ni sili za valvu. Unaotoka unapoachia pedali kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena, ni mirija ambamo valvu zinapita. Unaotoka mfululizo injini ikibeba mzigo, ni ringi. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta.

Ukisikia kugonga, chomoa waya wa plagi moja moja kwa koleo lililofunikwa mpira, uuegemeze kwenye chuma cha injini ili moto upate njia. Kugonga kukipungua ulipochomoa wa silinda fulani, beringi ya konrodi (fimbo inayounga pistoni na krenki) ya silinda hiyo imelika. Usiendelee kuliendesha. Mlio mzito wa kugonga wa chini, unaosikika gari likibeba mzigo, ni beringi kuu za krenki. Ule wa baridi unaofifia injini ikipata moto ni pistoni inayocheza, na unaweza kukaa nao miaka. Mbano wa oili ikiwa ya moto, psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika ni kipimo kinachotosha.

Petroli, halafu kabureta

Kizimamoto kiwe karibu, na usifanye kazi hii ndani ya chumba kilichofungwa. Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa, na ondoa umeme wa koili kabla ya kupiga starta. Pampu ya kimekanika isukume psi 3 hadi 6, kwa mipigo yenye nguvu isiyo na mapovu. Mapovu maana yake ni mpira uliopasuka upande wa kuvuta, ambako petroli haidondoki kwa sababu hewa ndiyo inaingia. Nusa pia kijiti cha oili: kikinuka petroli, na kiwango kikipanda, kiwambo cha pampu kimetoboka na petroli inashuka kwenye krenki. Badilisha pampu na oili siku hiyo hiyo. Mipira ya zamani isiyoundwa kwa petroli yenye ethanoli hulainika na kumomonyoka kwa ndani, na vipande vyake ndivyo vinavyoziba jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopimia petroli.

Tafuta hewa inayopenya kabla ya kugusa skrubu. Injini ikinguruma sailensa, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya manifodi na chini ya kabureta. Mlio ukibadilika, umepata mwanya. Shika na mhimili wa kipepeo uutikise: ukicheza, hewa inapita hapo, na hakuna mpangilio wa sailensa utakaodumu.

Ndipo ufungue kabureta. Kwanza, injini ikiwa imezimwa, chungulia kooni mwake ukikanyagisha pedali: mchirizi mnene wa petroli utoke mara moja. Usipotoka, pampu yake ndogo ndiyo inayolifanya gari lisite unapokanyaga. Boya litikise sikioni. Likisikika petroli ndani, limetoboka, litazama na petroli itafurika kwenye bakuli la kabureta. Jeti zisafishwe kwa dawa ya kabureta na upepo, kamwe si kwa waya. Shaba ni laini, na waya ukipanua tundu kidogo tu jeti hiyo imekuwa jeti nyingine.

Skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu hadi iguse, ukihesabu mizunguko, uandike. Usikaze, ncha yake huchorwa mfereji na haitengenezeki tena. Ifungue mzunguko mmoja na nusu, washa, acha ipate moto. Ifunge kidogo kidogo hadi injini ianze kuyumba, ifungue hadi iyumbe upande wa pili, halafu uiweke pale katikati ambapo sindano ya vakyumu iko juu kabisa na imetulia. Rudisha sailensa kwenye mizunguko 750 hadi 900, pitia mchanganyiko mara moja tena. Endesha gari kama kilomita 15, mlima ukiwemo, uzime, toa plagi, zipange kwa mpangilio wa silinda juu ya kitambaa. Zikifanana zote nne, funika boneti.